Usitupe Mshipi Mbali: Kambale na Kambi za Kando ya Lufira na Luapula

Kila mwaka, mvua zinapokatika na barabara za vumbi zinapoanza kupitika tena, vijana wa mtaani kwetu hapa Lubumbashi, Katanga, kusini mashariki mwa Kongo, huja kuniuliza ni fimbo gani ya kuvulia inayoweza kurusha mshipi hadi katikati ya mto. Jibu langu huwaudhi wengi wao, kwa sababu wamekwisha kuona madukani fimbo za bei kubwa na wanachotaka kusikia ni jina la mojawapo. Mimi huwaambia kwamba kwa mtu anayemtafuta kambale, mwanzi uliokatwa vizuri na mshipi wa mita ishirini vinatosha, kwa maana giza likishaingia kambale hutoka kilindini akaja kula kandokando ya mto, mara nyingi mahali ambapo maji hayamfiki mtu magotini. Anayerusha mshipi mita hamsini humruka samaki yule yule aliyemfuata. Karibu yote ninayoyajua kuhusu kulala kando ya mito yetu yanatokana na jambo hilo moja: samaki huja ukingoni usiku, kwa hiyo mvuvi naye sharti awe pale usiku, na hema lake ni chombo cha uvuvi sawa na ndoano.

Ni vizuri kuanza na samaki mwenyewe, kwa sababu maumbile yake ndiyo yanayopanga mengine yote. Kambale tunayemvua sana huku Katanga ni yule ambaye wanasayansi humwita Clarias gariepinus, samaki anayepatikana tangu Afrika Kusini hadi nchi za Mashariki ya Kati, asiye na magamba, mwenye kichwa kipana kigumu na jozi nne za sharubu zinazozunguka kinywa. Macho yake ni madogo na hayamsaidii sana. Sharubu zile ndizo zinazofanya kazi, kwa kuwa zimejaa viungo vya kuonjea, na kambale huweza kujua kwamba kuna utumbo wa kuku matopeni kabla hajaufikia. Zaidi ya hapo, ngozi yake hutambua hata umeme mdogo mno unaotoka katika mwili wa kiumbe kilicho hai, jambo linalomwezesha kukamata kisamaki gizani, katika maji yaliyochafuka kama chai ya maziwa. Tena anasikia vizuri kuliko samaki wengi, kwa sababu mifupa midogo huunganisha kibofu chake cha hewa na sikio lake la ndani. Sasa fikirini gari lililoegeshwa hatua tano kutoka majini, milango iko wazi, muziki umefunguliwa, na watu wanakata kuni kwa shoka juu ya ukingo ule ule wanaotaka kuuvulia. Watu hao hao hurudi mjini wakasema kwamba mto umeisha samaki.

Kuna sifa nyingine ya kambale ambayo mvuvi anaweza kuitumia bila kulipa senti moja. Juu ya matamvua yake ana kiungo chenye matawi kinachomwezesha kuvuta hewa ya kawaida, na ndiyo sababu huishi katika madimbwi ambamo tilapia angekufa siku ya kwanza. Hewa hiyo lazima aje kuichukua juu. Mtu akikaa kimya robo saa jua linapozama, bila kuwasha tochi, atasikia mlio mfupi wa maji yanayofunguka na kufungana, kisha ataona mapovu machache yakipanda. Mimi sitegi ndoano yoyote kabla ya kusikiliza hivyo. Wenzangu wakati mwingine hukasirika kwa kungojea, lakini robo saa ile huokoa saa nne za kukaa mahali pasipo na kitu.

Kuhusu mahali pa kwenda, sisi wa Lubumbashi hatuna sababu ya kulalamika juu ya umbali. Mto Lubumbashi na mto Kafubu vinapita mlangoni petu, ingawa siwashauri watu kula samaki wa huko, kwa sababu nitakazozieleza mbele. Ninayoipenda ni Lufira. Ukifuata barabara kuu ya kwenda Likasi, ambao ni mwendo wa kilomita 120 hivi kwa jumla, utauvuka mto huo, na wazee wanaokumbuka mwisho wa vita vya kujitenga kwa Katanga bado wanaweza kukueleza jinsi madaraja yake yalivyolipuliwa mwanzoni mwa Januari 1963, wakati majeshi ya Umoja wa Mataifa yalipokuwa yakisonga kuelekea Jadotville, yaani Likasi ya leo. Mbele zaidi maji yake yalizuiwa na bwawa la Mwadingusha, lililomalizika mwaka 1930 ili kuipatia migodi umeme, na ziwa lililotokea hapo ndilo tunaloliita Tshangalele. Kisha Lufira unaendelea kaskazini, unapita upande wa magharibi wa uwanda wa juu wa Kundelungu na mwishowe unaungana na mto Lualaba katika bonde la Upemba. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kundelungu, iliyoanzishwa mwaka 1970, kuvua ni marufuku, na sioni haja ya kubishana na walinzi wakati mto wenyewe ni mrefu kiasi hicho.

Luapula ni habari nyingine. Kasenga iko umbali wa kilomita 200 hivi kaskazini mashariki ya Lubumbashi, na mto pale ni mpana, mzito, wenye nyanda za mafuriko na matete pande zote mbili, na ng'ambo ni Zambia. Kambale wa Luapula ni wengi na wakubwa, lakini safari yake si ya kuamua Ijumaa jioni baada ya kazi. Kwa kuwa mto ndio mpaka, lazima kila mmoja awe na kitambulisho chake, angalau kadi ya mpiga kura, na lazima kundi lijitambulishe kwa wakubwa wa mahali kabla ya kuweka hema. Anayetaka usiku mmoja wa kupumzika aende Lufira. Anayetaka siku nne aende Luapula.

Majira yana uzito kuliko watu wanavyodhani. Mwezi wa sita na wa saba, uwanda wetu wa juu huwa na baridi kali usiku, maji hupoa, na kambale hula kidogo sana. Mtu atakayekwenda wakati huo atapata nyota nyingi na mafua. Kuanzia mwisho wa mwezi wa nane joto hurudi, maji yamepungua na kuacha vilindi vilivyotengana, barabara bado ni kavu, na samaki wamekusanyika. Septemba na Oktoba ndiyo miezi yangu. Mwezi wa kumi huwa na joto la kuchosha mchana, lakini usiku wake hauna mfano kwa uvuvi, hasa ngurumo zinapoanza kusikika mbali bila mvua kunyesha. Mvua zikishaanza kweli, mambo hubadilika kabisa, na nitayarudia hayo kwa sababu yanahitaji maneno yake.

Kabla ya kushusha mizigo, nendeni kwa mfumu, yaani mkuu wa kijiji. Hilo ni jambo ambalo vijana wa mjini hulichukulia kama desturi ya zamani, wakati kwa kweli ndilo linaloamua kama mtalala salama na kama mtapata samaki. Kando ya Luapula, watu wengi husema Kibemba, na kofia mkononi pamoja na salamu ya heshima, «Mwapoleni mukwai», hufungua njia kuliko noti yoyote. Mkaribishwe kwanza, mkae, mzee wenu aeleze mmetoka wapi na mmekuja kufanya nini, kisha mtoe chumvi, sukari na vipande vya sabuni kama zawadi ya wageni. Baada ya hapo ulizeni maswali matatu: akina mama huchota maji wapi, nyavu na migono ya wavuvi wa kijiji imetegwa wapi, na mamba anaonekana wapi. Swali la mwisho lisionewe aibu. Mzee mmoja wa Luapula, alipotuona tumeelekea penye mti mkubwa wenye kivuli na ukingo uliolainika vizuri, alitwambia kwa upole mkubwa: «Wanangu, mmechagua pazuri. Hata mamba anapapenda.»

Hapo ndipo unapoonekana ugumu wenyewe wa kambi ya kambale: mshipi unatakiwa uwe karibu sana na maji, na hema linatakiwa liwe mbali nayo. Watu wengi hutaka kuunganisha mambo hayo mawili, waweke hema mahali ambapo wanaweza kuiona fimbo wakiwa wamelala, na huo ni uvivu wa hatari. Mimi huweka hema juu ya mwinuko, hatua mia au zaidi kutoka ukingoni, kwanza kwa ajili ya mamba na kiboko, pili kwa sababu mbu hupungua kadiri unavyoyaacha matete, na tatu kwa sababu mto unaweza kupanda usiku kutokana na mvua iliyonyesha mahali ambapo hukuiona. Kabla ya kuchomeka kigingi, tembeeni mkiangalia nyasi. Palipo na njia pana iliyokanyagwa kutoka majini kwenda bara, na nyasi zilizokatwa fupi kana kwamba kuna mtu aliyezifyeka, hiyo ni njia ya kiboko anayetoka kula usiku, naye hatazunguka hema kwa sababu tu lina watu ndani. Moto uwashwe nyuma ya hema, upande wa bara, ili mwanga wake usiangukie maji, na kuni zikatwe mchana, mbali na ukingo.

Maji ya kunywa yatoke mjini, au yachemshwe vizuri. Katika maeneo ya Kasenga na ya kando ya Tshangalele, kipindupindu hurudi mara kwa mara, na hakuna kambale anayestahili ugonjwa huo. Kichocho nacho kipo katika maji yaliyotulia yenye majani, na vijidudu vyake hutoka kwa wingi katika konokono saa za mchana jua likiwa kali, kwa hiyo anayetaka kuoga mtoni saa sita kwa kuwa joto limemzidi ajue anachokichagua. Chandarua ni lazima. Nimeona watu wakileta spika kubwa na kusahau chandarua.

Sasa ndoano. Chombo changu ni rahisi: mwanzi mrefu au fimbo fupi ngumu, mshipi wa nailoni ulio mnene kwa sababu kambale hukimbilia mizizi, chubwi ndogo ya risasi iliyotobolewa ili mshipi upite ndani yake bila kukwama, fundo la kuizuia chubwi, kisha kipande cha mshipi chenye urefu wa kiganja mara mbili, na ndoano kubwa moja. Kupita kwa mshipi ndani ya chubwi ndiyo siri ya mtego mzima. Kambale hushika chambo kwa midomo, hukionja, hukivuta kidogo, na akihisi uzito hukiachia. Mshipi ukipita bila kizuizi, huendelea kuamini. Kengele ndogo juu ya fimbo husaidia wale wanaopenda kusinzia, ingawa mimi hupenda kushika mshipi kwa kidole, kwa sababu kidole hutambua tofauti kati ya kaa, kisamaki na kambale mkubwa.

Juu ya chambo, kila kijiji kina imani yake, na ubishi wake ni sehemu ya raha ya safari. Nyungunyungu waliochimbwa kando ya shimo la taka ni chambo cha uhakika kwa kambale wadogo na wa wastani, lakini samaki wengine wadogo huwamaliza kabla ya giza. Utumbo na maini ya kuku hufanya kazi vizuri zaidi usiku, hasa vikikaa juani nusu siku. Maini ni laini, kwa hiyo yafungwe kwenye ndoano kwa uzi. Kisamaki kizima kilichokatwa mkia ndicho ninachokitumia ninapomtaka mkubwa, na hukivua palepale mchana. Kumbikumbi wanaporuka baada ya mvua, ukingo wote hugeuka meza, na mtu mwenye akili huwakusanya badala ya kuendelea na kuku wake. Halafu kuna sabuni. Wageni hucheka wakisikia, lakini wavuvi wengi wa mishipi katika nchi zetu hukata vipande vya sabuni ya kufulia wakavitunga kwenye ndoano, na kambale anakuja. Mimi nadhani ni mafuta yaliyomo ndani yake yanayomvuta. Nimeivulia, inashika, ila siipendi kwa sababu inayeyuka na inanibidi kubadilisha kila mara, na kwa kweli ninaona ni haki samaki apewe chakula katika mlo wake wa mwisho.

Mahali pa kutega ndipo penye ubishi na vijana wangu. Tafuta mahali ambapo kijito kidogo kinaingia mtoni, au ambapo maji ya dambo, yaani bonde la nyasi lenye majimaji, yanatiririka polepole kupitia majani. Tafuta mwisho wa kilindi, pale chini ya maji inapoanza kupanda. Tafuta mti ulioanguka. Kisha usirushe. Shusha chambo taratibu, mita moja au mbili kutoka ukingoni, karibu na mstari ambapo nyasi zinakutana na maji. Rudi nyuma hatua kadhaa, kaa chini, na usitembee tena bila sababu. Kijana mmoja wa familia yetu, aliyekuja kwa mara ya kwanza na fimbo yake mpya, alirusha kwa nguvu tangu giza lilipoingia, karibu na mimi. Saa nne hivi mshipi wangu ulianza kwenda.

«Yaya, inavuta! Vuta!»

«Bado.»

«Yaya, itatoroka!»

«Ngoja, mdogo wangu. Bado anaonja.»

Mshipi ulisimama, kisha ukaondoka mara ya pili, polepole, bila kusita, na hapo ndipo nilipoukaza. Ukikaza mara ya kwanza utapata chambo chako kikiwa kimenyonywa. Ukikaza mara ya pili, ndoano inakuwa imekwisha kufika pembeni mwa kinywa. Yule kijana hakusema kitu, lakini nilipotazama tena alikuwa ameleta chambo chake miguuni pake.

Kumtoa samaki kunahitaji tahadhari zaidi kuliko ushujaa. Usimfuate majini usiku hata kama amejizungusha kwenye mizizi. Kata mshipi, ndoano ni ya bei rahisi. Kabla ya kuinama ukingoni, mulika maji kwa tochi kushoto na kulia, kwa sababu macho ya mamba hurudisha mwanga mwekundu na huonekana kutoka mbali. Kambale akifika juu, usimshike kwa mbavu kana kwamba ni tilapia: katika kila pezi la kifuani ana mwiba mgumu wenye meno, na jeraha lake huuma siku kadhaa. Mshike nyuma ya kichwa, vidole vikiwa nyuma ya miiba hiyo, au tumia kitambaa kilicholowa. Kwa kuwa anapumua hewa, hukaa hai muda mrefu nje ya maji, na nimewaona watu wakiwaacha gunia zima likitapatapa hadi asubuhi. Mimi siwezi kulala na sauti ile. Rungu moja zito juu ya kichwa, mara moja, na kazi imekwisha. Matumbo yasitupwe pale pale mnapovulia, bali yafukiwe mbali, maana mkiyatupa mtakuwa mnamwalika mgeni ambaye mlikwisha kumuulizia kijijini.

Nilisema kwamba nitarudi kwenye mvua. Mvua kubwa za kwanza zikinyesha, kambale huacha mto usiku na kuingia katika nyasi zilizofunikwa na maji mapya, wakati mwingine maji yasiyofunika hata migongo yao, ili kutaga mayai. Mayai hushika kwenye majani na huanguliwa ndani ya siku moja au mbili, na wazazi hawayalindi. Usiku huo kila mtu anaweza kuwa mvuvi: watu huja na mapanga, na mikuki, na vyandarua vilivyogawiwa kwa ajili ya malaria, wakawaokota kwa makumi. Sitaki kuwahukumu wanakijiji wanaotafuta chakula cha watoto baada ya miezi ya njaa. Lakini sisi tunaotoka mjini na gari lenye friji ndogo, kwa ajili ya starehe, hatuna udhuru huo. Kando ya Luapula wanajua vizuri jambo hili linakoishia. Samaki aitwaye mpumbu alikuwa akipanda mto ule kwa makundi makubwa mwanzoni mwa mvua kwenda kutaga, na wafanyabiashara wa Kasenga, wengi wao Wagiriki, walimpeleka Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kulisha wafanyakazi wa migodi. Nyavu zilimngojea njiani mwaka baada ya mwaka, mayai yakiwa bado tumboni, na kufikia miaka ya 1950 makundi yale yalikuwa yamekwisha. Leo Zambia hufunga uvuvi tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, na upande wetu mamlaka za mkoa hutangaza kufungwa kwa Luapula na ziwa Mweru katika kipindi kama hicho. Kundi langu hufunga mapema zaidi: mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, tunakunja hema. Na jike mwenye tumbo lililojaa, hata akivuliwa Oktoba, anarudi majini. Mmoja wa wenzangu huona hilo ni anasa ya watu walioshiba. Tumekwisha kubishana juu yake kando ya mioto mingi na bado tunaenda pamoja.

Sababu niliyoiahidi kuhusu Kafubu na mto Lubumbashi ni ile ambayo kila mtu anayeijua historia ya mji huu anaweza kuikisia. Shaba imeyeyushwa hapa tangu mwaka 1911, na mito iliyo jirani imepokea kwa zaidi ya karne moja kile ambacho viwanda na migodi havikukihitaji. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kobalti nyingi katika miili ya watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga, na samaki wa Tshangalele nao wamepimwa na kukutwa na metali. Kambale hula matopeni, na matope ndiko metali hizo zinakotua, kwa hiyo ladha nzuri si ushahidi wa chochote. Kwa Lufira, mimi huweka kambi upande wa juu wa mahali ambapo mto Panda, unaotoka Likasi, unaingia. Si dhamana kamili, lakini ni busara ndogo isiyogharimu zaidi ya kusoma ramani.

Basi, chakula. Kambale ana utelezi unaomshinda mpishi asiyemzoea, na dawa yake ni majivu ya moto wa jana: mpake mwili mzima, msugue kwa nyasi, msuuze kwa maji safi mliyoyaleta, na kisu kitashika. Asubuhi ya kwanza huwa tunamla kabla hajakaushwa, amepikwa kwa kitunguu, nyanya na pilipili ndogo, pamoja na bukari, yaani ugali wetu, na chupa ya munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, ikipita mkono kwa mkono. Rafiki yetu mmoja Msabato, ambaye ndiye mvuvi mwenye subira kuliko sisi sote, haonji kabisa, kwa kuwa samaki asiye na magamba amekatazwa katika Mambo ya Walawi. Yeye huvua, hucheka, na hula mayai yake ya kuchemsha. Hakuna aliyewahi kumlalamikia, kwa sababu sehemu yake hugawiwa.

Wanaobaki hupasuliwa mgongoni, hutiwa chumvi na kuwekwa juu ya uchaga wa miti mibichi, moto wa chini uwe wa moshi zaidi kuliko mwali, tangu jioni hadi alfajiri, na kila mtu huchukua zamu yake ya kuchochea. Anayevua usiku huo huwa ndiye mlinzi wa uchaga pia, jambo linaloleta ugomvi samaki mkubwa anaposhika wakati moshi umepungua. Kwa safari ya kurudi, wafungeni kwa karatasi na kuwaweka katika kikapu kinachopitisha hewa, kamwe si katika mfuko wa plastiki, maana watatoa jasho na kuota ukungu kabla hamjafika Lubumbashi. Mama mkwe wangu, aliyeuza samaki wakavu miaka mingi katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, huwapokea mlangoni, huwanusa mmoja mmoja, huwavunja mikia kusikiliza kama wamekauka, na hutwambia wazi ni wapi tulipolala tukauacha moto ufe.